Kitufe cha Kijani Kilichomwaga Maziwa

Saa mbili asubuhi, viti vyote vya chumba cha mitambo vimekaliwa. Mwenye kazi yake ameketi juu ya kreti ya maziwa iliyopinduliwa, kompyuta mpakato magotini, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Ukutani kuna skrini kubwa yenye majina ya vituo vinne vya kupozea maziwa. Vitatu vinawaka kijani. Cha nne ni cheusi.

“Hicho cheusi ndicho tunachokigombania leo,” anasema bila kuinua kichwa. “Kisipowaka, mimi nafunga virago.”

Hapa kazini humsikii mtu akimwita kwa jina lake. Wanamwita Mshenga, na yeye huitika. Kazi yake ni kuunganisha mifumo miwili ya kompyuta iliyokaa jengo moja miaka nenda miaka rudi bila hata kusalimiana.

Mfumo wa kwanza unachambua takwimu: joto la kila tangi, kiasi cha maziwa kilichoingia, kilichokataliwa. Wa pili unagawa kazi: unamtumia fundi ujumbe kwenye simu, nenda mahali fulani, tengeneza kitu fulani. Kati ya mifumo hiyo alikuwepo karani, ambaye alisoma huku na kuandika kule akishamaliza chai yake.

“Tangi likishikwa na joto asubuhi, fundi anapata habari mchana,” anasema Mshenga. “Na maziwa hayajui kama karani yuko kwenye chai.”

Nyumbani kazi hii haieleweki. “Mama mkwe wangu anawaambia majirani kwamba natengeneza redio. Nimemwacha hivyo hivyo. Nikianza kumweleza, chakula kinaungua jikoni.”

Miezi michache iliyopita aliondoa ule upitishaji wa taarifa kwa mkono katika vituo vinne vya majaribio. Tangi likipata joto, ujumbe unakwenda kwa fundi papo hapo, na skrini inakuwa nyekundu mpaka fundi abonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa “Imekamilika”. Matokeo yakawa ya kupigiwa makofi. Kazi zilikuwa zinakamilika kabla hujafumba na kufumbua, na meneja akawaita wageni waje waone.

“Nilivimba kichwa,” anakiri Mshenga, akicheka kidogo. “Sikujiuliza ni jokofu gani hilo linalotengenezwa mtu akiwa bado kwenye pikipiki.”

Jibu lilikuwa kwenye adabu za mafundi. Wakubwa kwa wadogo, kila walipopata ujumbe walibonyeza kitufe hapo hapo. Fundi mkuu wa majokofu, ambaye wenzake humwita Gesi, haoni ajabu yoyote.

“Sasa wewe, mtu akutumie ujumbe halafu unyamaze kama jiwe? Si dharau hiyo?” anauliza, mikono yake ikiwa bado na grisi. “Kitufe kilikuwa kimoja tu. Nilikuwa namjibu Mshenga: nimepata dada, nakuja.”

Kwa kawaida alikuja kweli. Siku moja, hata hivyo, ujumbe wa kituo cha bondeni ulimkuta amelala chini ya jokofu jingine lililomgomea. Akabonyeza kwa heshima zote, akaendelea na nati zake. Skrini ikarudi kijani, ofisi nzima ikatulia. Hadi anafika bondeni, lita mia sita zilikuwa zimeganda na kuchacha.

Mshenga alifika wakati zinamwagwa. Kina mama walioyaleta maziwa hayo kwa ndoo tangu alfajiri walikuwa wamesimama uani, wanatazama. “Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema,” anaeleza. “Ile kijani niliyokuwa najivunia ndiyo iliyotulaza usingizi.”

Msimamizi wa kituo, mwanamke anayejulikana kama Mama Bondeni, alichomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo jina la kituo chake likawa jeusi. Meneja naye akatoa neno la mwisho: Mama Bondeni akikubali kurudi, vituo vyote vya kampuni vitaunganishwa. Akikataa, kazi inarudishwa kwa karani na mkataba wa Mshenga hautaongezwa. Unga ungemwagika.

Alichofanya Mshenga hakikuwa kuwagombeza mafundi wala kuwapeleka semina. Aliacha wawe na adabu zao. Akaweka kitufe cha “Nimeiona” kwa ajili ya kujibu salamu, na kingine cha “Nimemaliza”. Ila hata fundi akibonyeza hicho cha pili, mfumo unarudi kwanza kuliuliza tangi lenyewe. Joto lisiposhuka, nyekundu haiondoki.

Leo ndiyo siku ya kulionyesha hilo. Mama Bondeni anaingia amekumbatia mkoba kifuani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nina haraka.”

Uani kuna tangi la majaribio lenye maji matupu. Gesi analizima, analimiminia maji ya moto, anarudi ndani. Punde skrini inageuka nyekundu, na simu yake inatetemeka. Kabla hajaigusa, Mama Bondeni amekwisha kunyoosha mkono.

“Lete hapa. Mimi leo ni fundi mwongo.”

Anabonyeza “Nimemaliza”. Nyekundu haibanduki, na chini yake yanatokea maneno: tangi bado lina joto. Anabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba anaua mbu. Mara simu ya meneja, aliyesimama mlangoni, inalia kwa ujumbe: fundi anasema amemaliza, tangi linakataa.

Chumba kizima kinaangua kicheko. Mama Bondeni hacheki.

“Kwa hiyo siwezi kuidanganya hii mashine?”

“Hata mimi niliyeiunga siiwezi, mama.”

Anamrudishia Gesi simu. “Siku ile kina mama waliniuliza mimi, si wewe,” anasema taratibu. “Watu ninaoishi nao.”

“Najua, mama.”

“Basi njoo kesho uchomeke waya wako. Lakini utawaambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hawajamimina hata tone.”

Meneja anatafuta kalamu ya kutia sahihi mkataba. Gesi anatoka kwenda kuliwasha tangi. Mshenga anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, kisha anaeleza anachokitaka baada ya vituo vyote kuunganishwa: ujumbe ufike hadi kwenye simu za wenye maziwa, ili tangi likiharibika wapeleke ndoo zao kituo kingine mapema.

Lakini kwanza kuna kesho. Amekwisha kupanga atakavyosema, na kompyuta haimo katika maneno ya mwanzo.

“Nitawaomba radhi,” anasema. “Halafu nitawapa simu, kila mmoja abonyeze mpaka aridhike.”