Posa Kutoka Ng'ambo ya Songwe

Wajomba wa Blessing walipofukuzwa Igowole, Severina alikuwa jikoni kwa baba yake, sikio ukutani. Na wala hawakufukuzwa kwa ugomvi. Walikuwa wametoka Karonga, Malawi, wakavuka mpaka pale Kasumulu, wakaja na kuku wao kumposea kijana wao anayeuza vitenge Mwanjelwa, Mbeya, jirani na cherehani ya Severina. Wakanywa chai. Mkubwa wao akaeleza kilichowaleta kwa Kiswahili cha kuungaunga.

“Nimesikia,” akasema baba yake Severina, Mzee Liberatus. “Barua iko wapi?”

Mjomba akacheka. “Mzee, kwetu anatumwa mjomba. Mdomo huu ndio barua.”

“Sasa huo mdomo nitauweka wapi, ndugu yangu? Kabatini?”

Kabatini alikuwa na barua za posa za mabinti zake wote, hata ya yule aliyeachika. Kwake, binti asiyeandikiwa barua amechukuliwa tu, kama mbuzi aliyekata kamba. Wageni wakarudi na kuku wao.

Severina naye akarudi Mbeya, sketi zimeanza kumbana kiunoni, na nyumbani hajamwambia mtu.

“Nitamrekodia sauti WhatsApp,” Blessing akasema.

“Baba ana simu ya kitochi.”

“Basi andika wewe, mama. Kiswahili changu ni cha kuuzia vitenge.”

Akaandika. Tangu amalize shule hakuwa ameandika barua, na mwanzoni yalimjia yale ya darasani tu: dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Akachana, akaanza upya. Mwishowe ilitoka nzuri mpaka ikamliza. Blessing akatia sahihi bila kuisoma yote. Adrian, fundi cherehani mwenzake Severina, akawa mshenga, wakasafiri pamoja mpaka Igowole.

Mzee Liberatus aliisoma kwa sauti mbele ya ndugu zake. Shangazi akapiga kigelegele. Mzee akairudia kimyakimya, polepole, kisha akaomba maji na kumfuata binti yake jikoni.

“Barua nzuri,” akasema kwa sauti ya chini.

“Ndiyo, baba.”

“Mwandiko huu nimeufundisha mimi, kwenye meza ile pale. Barua ya posa hujibiwa, Severina. Nimjibu nani? Wewe?”

Severina akashika ukingo wa beseni la plastiki, asiweze kumtazama.

“Wale wa sebuleni sijawaambia. Mwambie aandike mwenyewe. Hata kwa lugha ya kwao, nitatafuta wa kunisomea. Mtu anayemtaka mwanangu hakosi la kusema.”

Akamrudishia bahasha.

Severina akatoka nyuma ya nyumba, akapiga simu.

“Wamekubali?” Blessing akauliza. Nyuma yake wateja walikuwa wanabishania bei.

“Baba anataka uandike mwenyewe.”

Kelele za wateja zikafifia; alikuwa amesogea pembeni.

“Seve, nitakosea.”

“Kosea.”

“Sasa niandike nini?”

Maneno yalikuwa yamemjaa Severina mdomoni, mazuri, yamepangika, tayari kwa kuandikwa. Ndiyo yaliyomtisha. Akakata simu kabla hajaanza kumtajia, akabaki kuitazama, akiombea isiite tena kumuuliza swali lile lile.