Cheti cha Kupangisha

Mtaani walianza kumwita Mfamasia wiki ile ile aliyopokelewa chuoni, kwa hiyo jina alilipata miaka mingi kabla ya kazi. Alipoanza masomo, chuo cha famasia kilikuwa kimoja tu, nyuma ya hospitali kuu. Alipohitimu, hata juu ya duka la mabati palikuwa na kibao cha chuo cha famasia, na wanafunzi walipanda ngazi za nje huku mafundi wakikata bati chini yao.

Mama yake, fundi cherehani, hakuona ubaya wa vyuo hivyo. Vyote vilitaka makoti meupe.

"Vikifunguliwa viwili vingine, naezeka upya," alikuwa akisema.

Jioni binti aliketi upande wa pili wa cherehani akishona vifungo kwenye makoti ya watu watakaokuja kugombania naye kazi. Alivishona vizuri, akivuta uzi mara mbili visije vikang'oka. Maombi aliyopeleka hospitalini yalijibiwa kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Mengine hayakujibiwa.

Ndipo akaja mwenye duka la dawa la karibu na stendi, mtu mnene wa maneno laini ambaye kila mtu alimwita Tajiri. Sheria ilimtaka awe na mfamasia, naye alikuwa na njia yake ya kuitii.

"Binti yangu, nahitaji cheti chako tu. Nakitundika ukutani, mkaguzi akija anakiona. Mwisho wa mwezi unapata chako. Wewe kaa nyumbani upumzike."

"Na dawa atatoa nani?"

"Mama Kaunta yupo. Ameota mizizi pale."

"Sasa nikipangisha cheti, mimi nitakuwa nani?"

"Mwenye nyumba," Tajiri akajibu, na mama mtu akacheka mpaka akapoteza sindano.

Binti alikubali, kwa kuwa hakukuwa na lingine. Lakini wenzake waliohitimu naye walikuwa wameshatundika vyeti vyao kwenye maduka wasiyoyajua hata milango, wao wenyewe wakiuza viatu na vocha. Mmoja alimwambia ameshasahau vipimo vya dawa za watoto. Hilo ndilo lililomtisha. Jumatatu akavaa koti lake, akaenda dukani.

Mama Kaunta alimtazama juu ya miwani. "Umekuja kukisalimia cheti?"

"Nimekuja kazini, mama."

"Kazi gani? Hapa mtu anataja dawa, nampa. Pa kusimama penyewe hakuna."

Palikuwapo, kati ya friji na maboksi ya nepi. Akasimama hapo.

Siku za kwanza aliharibu. Mtu akiomba vidonge vinne vya kuua vijidudu, yeye alimuuliza ni vya nani, anaumwa nini, tangu lini, kisha akamwambia achukue dozi nzima au aache. Watu waliacha. Walivuka barabara wakanunua vinne vyao kwa jirani, asiyeuliza neno.

"Unawahoji kama mahakamani," Tajiri alilalamika. "Nilikuambia upumzike."

Aliyemfungua macho ni mchukuzi wa mizigo pale stendi, mwenye kikohozi kizito.

"Dada, mimi nalipwa kwa siku," alisema. "Wewe unaniambia nimeze kwa wiki. Hiyo wiki naitoa wapi?"

Mfamasia alifikiri kidogo, akahesabu dozi yote ya mchukuzi, akaitia kwenye bahasha na kuiandika "Mchukuzi". Bahasha akaiweka kwenye droo. Kila asubuhi mchukuzi alipita, akalipia vya siku hiyo, akapewa vya siku hiyo. Alipopona alileta wenzake. Droo ikajaa bahasha: Muuza Maji, Mama Pacha, Kinyozi. Asiyetokea, Mfamasia alimfuata mpaka stendi wakati wa chakula na kumtoa kwenye foleni ya makande, watu wazima wakicheka.

Tajiri alipoifungua droo ile alishika kiuno. "Hii ni famasia au benki?"

"Benki ingewatoza riba," alijibu Mama Kaunta. Siku hizo alikuwa ameshaanza kuuliza maswali yeye mwenyewe.

Mwezi uliofuata Tajiri alikuja na habari. Kijana aliyehitimu chuo cha juu ya mabati alikuwa tayari kupangisha cheti chake kwa bei ndogo zaidi. "Tena yeye haji," Tajiri aliongeza. "Chukua chako, binti yangu, tuachane kwa heri."

"Amekubali bei gani?"

Akamtajia.

"Nitapokea hiyo hiyo. Ila nisimame hapa, na dozi zitolewe ninavyozitoa."

"Yaani unashusha bei na kuongeza kazi?"

"Ndiyo."

Tajiri alimgeukia Mama Kaunta kutafuta shahidi.

"Hao wa bahasha wananunua na sabuni hapa hapa," alisema Mama Kaunta bila kuinua kichwa. "Mtoe uone watakakohamia."

Cheti kikabaki ukutani, na mwenyewe kando ya friji.

Nyumbani mama alikasirika. "Miaka yote ile umesomea kushusha bei?"

"Bei imeshushwa na wingi wetu, mama. Mimi nimekataa kukaa nyumbani tu."

Siku ya tatu yule kijana alifika dukani, amenyoa, amechomekea shati.

"Dada, umeniziba riziki."

"Nimekuziba, ni kweli," alimjibu. "Ungekuja kusimama, ningekupisha nusu ya siku tugawane."

"Kusimama bure?"

"Kwa bei hiyo hiyo."

Kijana alitazama nafasi ile finyu kati ya friji na nepi. Akaaga kwa adabu. Juma lililofuata cheti chake kilikuwa kimetundikwa kwa jirani, ng'ambo ya barabara. Yeye mwenyewe hajaonekana pale.