Nyuki Walihamia Kabla ya Mke Wangu

Jamani, najua mtacheka, na mna haki ya kucheka, maana mimi ndiye mwanamume aliyemkimbia mkewe mchana kweupe, mbele ya majirani wote wa Shanwe, siku ileile ya kwanza aliyofika kuiona nyumba niliyompangishia, tena nyumba yenyewe nilikuwa nimeisifia kwa barua mpaka wino ukaniishia.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa bohari ya serikali kule Tanga, nikahamishiwa Mpanda, na mke wangu Mwanaidi (tulikuwa na ndoa changa, bado tunaoneana aibu) akabaki kwao Korogwe akisubiri nipate pa kukaa. Aliniambia waziwazi kabla sijaondoka: "Nitakuja nipaone. Nikipapenda nakaa, nisipopapenda treni itakayonileta ndiyo itakayonirudisha." Na Mwanaidi si mtu wa kutania maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo kwangu nyumba ile haikuwa nyumba tu, ilikuwa ndoa yangu.

Wenzangu ofisini walinishauri nichukue chumba karibu na stesheni, kila kitu kiko jirani, lakini mimi nilipokwenda mtaa wa Shanwe kwa Mama Veronika nikakosa nguvu za kuondoka. Alikuwa mjane wa Kikonongo, mnene, mcheshi, na nyumba yake ilikuwa na baraza pana, na chumba cha uani kilikuwa kinanukia asali. Ukuta unanukia, mlango unanukia! Kaka yake, Mzee Pio, alikuwa mrina asali, na chumba cha jirani ndicho alichohifadhia madebe yake na mabonge ya nta. Mimi mtu wa Tanga sikuwa nimewahi kuona nyumba inayonukia vile. Nikasema hapahapa.

Sasa sikilizeni nilivyojiponza. Nilinunua kwa fundi sanduku kubwa la mninga, la kuwekea kanga za Mwanaidi, zuri, jekundu, ila pembeni lilikuwa na tundu la jicho la mti. Nikamwomba Mama Veronika bonge la nta.

"Ya nini, karani?"

"Ya kazi zangu tu, mama." (Nilitaka kuwashangaza wote, mnaona ujinga huo?)

Nikaiyeyusha, nikalipaka sanduku nje, nikalipaka na ndani, nikasugua mpaka likang'aa na kunukia, nikalisogeza chini ya dirisha ambalo lilikuwa halifungi vizuri, nikafunga mlango, nikapanda treni kwenda Tabora kumpokea mke wangu.

Safari ya kurudi ilinitia moyo. Mwanaidi alikaa dirishani anatazama msitu, msitu usiokwisha, miti na miti tena, na magogo ya mizinga yakining'inia juu kabisa ambako hujui mtu alipandaje. "Nchi hii ni kubwa hivi?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kanisani, ingawa sisi ni Waislamu. Nikasema moyoni, nusu ya kazi imekwisha.

Tulipofika Shanwe wanawake walitupokea kwa vigelegele, na balozi wa nyumba kumi alikuwapo na koti lake, maana mgeni hakukaa mtaani bila balozi kumjua. Kelele tupu, furaha tupu. Nikafungua mlango wa chumba. Mwanaidi akainamisha kichwa kidogo.

"Nini hicho kinachovuma?"

"Mashine ya kusaga," nikamjibu kwa maringo, "hapa unga uko mlangoni." Na kweli mashine ilikuwapo, ila ilikuwa mtaa wa pili, na siku ile, nilikuja kuambiwa baadaye, ilikuwa mbovu.

Nikamshika mkono, balozi nyuma yetu, wanawake wamejaa mlangoni, nikasema, "Mke wangu, hili ni la kanga zako," nikainua kifuniko.

Niwaambie nilichokiona kabla sijakimbia. Ndani ya sanduku hapakuwa na mbao tena. Palikuwa na nyuki, wamebebana, wamening'inia chini ya kifuniko kama nguo nzito iliyoanikwa, wanatetemeka wote pamoja, na katikati yao vipande vyeupe vya sega jipya, safi kabisa. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Nami nikakiachia kifuniko kikajibamiza.

Mengine nilisimuliwa. Nilimpita balozi, nikawapita wanawake, nikakata uani na nyuki wakanifuata, nikaona pipa, nikatumbukia. Lilikuwa pipa la Mama Veronika la kulowekea mihogo, na mihogo ilikuwa imeshaiva kwa uvundo. Balozi naye alikuwa kwenye banda la kuku, koti limebaki kwenye msumari. Nikatoa kichwa nivute pumzi, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina mke.

Kupitia mlango ulio wazi tulimwona Mwanaidi amesimama palepale nilipomwacha. Amejifunika kanga usoni, mikono imeshuka, hatingishiki. Nyuki wanatembea begani, wanatembea kichwani, wanapanda na kushuka. Nilitaka kuita jina lake, Mama Veronika akaninyooshea kidole: "Nyamaza wewe! Nyie wote nyamazeni!"

Mzee Pio akaja na mwenge wa magome unaofuka moshi, hana haraka. "Shemeji," akasema taratibu, "njoo kwangu. Tembea kama una mtungi wa maji kichwani." Na Mwanaidi akatembea. Hatua moja, anatulia, hatua nyingine. Alipotoka juani nyuki walikuwa wanameta juu ya kanga yake. Mzee Pio akampulizia moshi, wakanyanyuka mmoja mmoja, wakamwacha. Wawili tu ndio waliomchoma, mkononi. Mimi uso wangu ulikuwa umeshavimba, jicho moja limefunga.

Kisha mzee akaingia ndani, akatia mkono mtupu mle sandukuni, akamtafuta malkia, akamhamishia kwenye mzinga wa gogo uliokuwa uani, na wale nyuki wote, wote jamani, wakamfuata, wakimiminika dirishani na kuingia mzingani kama maji. Nimezeeka sasa, sijaona tena kitu cha kunifunga mdomo vile.

"Nani aliyepaka nta kwenye sanduku?" akauliza alipomaliza.

Sikuwa na pa kujificha, nilikuwa ndani ya pipa. Mama Veronika akashika kiuno, akacheka mpaka machozi. "Karani! Hivyo ndivyo tunavyowaita nyuki waje mzingani! Umewaandalia nyumba, nao wamehamia!" Kisha akautoa ufunguo mlangoni, akanipita, akauweka mkononi mwa Mwanaidi. "Mpangaji wangu ni wewe. Huyu mwingine simjui."

Mwanaidi akautazama ufunguo, akautazama ule mzinga, akanitazama mimi na maganda ya muhogo kichwani. Nilijua treni inaondoka kesho yake.

"Mimi nakaa," akasema. "Huyu wa kwenye mihogo nitamfikiria."

Niliapa palepale kwamba sitachagua nyumba peke yangu tena, na tumehamishwa miji mingi tangu hapo, kila mahali anachagua yeye, mimi nabeba mizigo. Mama yake alipomwandikia kuuliza kwa nini hakurudi, alimjibu kwamba huku Mpanda amekuta kitu ambacho hajawahi kukiona maishani mwake. Sijathubutu kumuuliza kama alikuwa anawasema wale nyuki, au mimi.