Weusi Waliosimama Juu ya Maji

Mwaka wa 1992, nikiwa na miaka thelathini hivi, ukame ulimaliza mbuzi wetu wote upande wa Lokiriama. Shule niliachia darasa la pili, kwa hiyo usitafute maneno matamu hapa. Mdogo wangu alikwenda kuvua samaki ziwani, Kataboi. Mimi nilibaki Lodwar nikichoma makaa kwa sababu ya aibu. Kwetu mtu wa samaki alionekana ni mtu aliyeshindwa na mifugo.

Baadaye njaa ilinifukuza Lodwar, na aibu ikaisha. Mdogo wangu alinipokea bila kunicheka. Alikuwa na mpango: tukaushe samaki, tuwapeleke Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, Wasudani watanunua. Kabla sijapanda mashua hata mara moja, alitoka jioni na mwenzake kutega nyavu. Upepo ukaja. Asubuhi hawakurudi.

Mzee mmoja wa hapo, mwenye mashua yake, alikubali twende kuwatafuta.

"Panda," akasema. "Nyinyi watu wa mbuzi mnajisifu kwa macho. Leo tuone."

Macho nilikuwa nayo kweli. Mbuzi wangu nilimtambua kwa rangi toka mlima wa pili. Lakini majini rangi ilinidanganya. Niliona kitu cheupe, nikasema ni tanga.

"Mwari huyo. Ndege mwenye mfuko mdomoni. Tanga lina mdomo?"

Jua likaingia nyuma yake, huyo huyo mwari akawa mweusi, nami nikasema ni mtu.

"Wacha rangi," mzee akasema. "Jua linapaka linavyotaka. Jiulize anafanya nini. Anapiga bawa upesi ama polepole? Anapita chini ama juu? Ameketi ama amesimama?"

Nikajifunza hivyo. Wanaopita kwa mstari, chini karibu kugusa maji, ni mnandi, wale weusi wanaopiga mbizi. Wanaojitupa majini kama mawe ni shakwe, na chini yao kuna samaki. Mzee aliwatazama wale shakwe sana, lakini mashua hakuigeuza.

Mchana nikaona watu. Mbali kabisa, weusi, wamesimama juu ya maji, mikono wameinyoosha huku na huku.

"Ndio wale," nikasema. "Wanatupungia."

Mzee akakinga jua kwa kiganja. "Mikono inacheza?"

Nikatazama. Haikucheza. Ilikuwa imenyooka tu.

"Ni mnandi," akasema. "Akitoka kupiga mbizi amelowa, anasimama kukausha mabawa. Lakini hawezi kusimama juu ya maji. Na hapo hakuna kisiwa wala jiwe."

"Sasa wamesimama juu ya nini?"

"Mashua. Imepinduka."

Nikafurahi. Nikamwambia, "Basi wako hapo, wameishikilia. Piga kasia, Mzee."

Akapiga kasia. Tulipofika nusu ya njia, mimi ndiye niliyesema, kwa sababu jambo hilo nililijua tangu utoto, machungani. Ndege hakai karibu na mtu anayesogea. Na wale walikuwa wengi, wametulia.

"Hakuna aliye hai pale," nikasema.

"Nilijua. Nilitaka ukae na furaha kidogo."

Mdogo wangu tulimkuta chini ya mashua yake, mguu umenaswa na wavu. Mwenzake hajaonekana mpaka leo. Mdogo wangu tulimzika ufukweni, tukampangia mawe. Alikuwa ameacha mke na watoto, na hakukuwa na mwingine wa kuwalisha. Nikaitengeneza ile mashua, nikavua. Samaki wakavu nikawapeleka Kakuma mwenyewe. Wasudani walinunua, kama alivyosema.

Leo nina nyumba ya mawe Lodwar. Nina kibanda cha samaki Kakuma. Nina mashua mbili, na nyavu zake. Nina mbuzi, idadi yao siisemi. Nina watoto wa mdogo wangu, na hakuna hata mmoja wao aliyeishia darasa la pili.