Koti Langu Kwenye Picha ya Mchumba wa Watu

Aibu hii nimeibeba tangu enzi za kamera za filamu, na kwa kuwa nyote mmenizoea nikijisifu, leo nimeamua kujianika mwenyewe kabla watu wa Ihanda hawajawasimulia, maana wao huongeza chumvi mno (mimi huongeza kijiko kimoja tu).

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni pale Tunduma, kidato cha nne nimekipata nikiwa na ndevu zangu, Kiingereza kinanitoka hadi puani, basi nikanunua kamera na kijitabu chake nikakisoma chote, na ndani yake nikakuta kanuni ya theluthi: unaigawa picha kwa mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, mistari ya kuwaza tu, halafu mtu wako humweki katikati kama chungu jikoni, unamweka kwenye mstari wa pembeni, na upande anaotazama unauacha wazi ili picha ipumue. Kuanzia mpakani mpaka Vwawa hakuna mpiga picha aliyekuwa na habari hiyo ila mimi.

Ndipo Mama Eliza wa Ihanda akaniita. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana ambaye kwao ni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na bibi wa huyo kijana, ambaye miguu ilishamkatalia safari, alisema hatoi baraka zake mpaka aione sura ya mkwe. Picha moja tu ilitakiwa. Mimi nikaona moja hiyo lazima itikise nchi mbili.

Nikamsimamisha Eliza shambani kwenye mstari wa kushoto, milima nikailaza kwenye mstari wa juu, nikamwambia atazame kulia, kwenye miti ya kahawa, na acheke. Akaniuliza mara tatu, “Nicheke na nani, kaka?” Nikamjibu kitaalamu kwamba acheke na nafasi. Jua lilikuwa la kukaanga mayai, koti langu la mirabamiraba nilishalivua nikalitundika kwenye tawi huko huko kulia. Mistari yote minne niliiona kwenye kitundu cha kamera, koti sikuliona (na picha ilipotoka studio nililiona, nikadhani ni kivuli, nikajipongeza kwa kivuli).

Baada ya wiki mbili nikaitwa tena Ihanda. Nilijua naitwa kupongezwa, kwa hiyo nikavaa koti, na koti nilikuwa nalo moja. Nikakuta wazee wa pande zote wamekaa, na baba mdogo wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, ameiweka picha gotini. Akasema bibi kule Nakonde ameitazama siku nzima na ana maswali mawili: binti huyu anamchekea nani, na mwenye koti yuko wapi.

Sasa mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikasimama, nikaanza kufundisha theluthi, mkono huu mstari wa kulala, mkono ule wa kusimama, na kila nilivyopunga ndivyo miraba ilivyopepea mbele yao, na mzee akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha, mpaka akaufikia mfuko uliochanika, pichani umechanika na kifuani pangu umechanika. Hapo nikaishiwa theluthi. Mama Eliza akajifunika uso kwa kanga. Mzee akachukua kofia yake, akasema taratibu, “Basi wenzetu, tunaomba ruhusa tuondoke.”

Kabla hajainuka, Eliza akatoka jikoni akapiga magoti mbele yake. “Baba, huyu aliniambia nicheke na miti ya kahawa. Nikaona hana akili, nikacheka.”

Mzee akanigeukia. “Ni kweli, fundi? Huna akili?”

Jamani, watu kama mia mbili walikuwa wananitazama (haya, arobaini). Nikakikumbuka cheti changu, nimekiwekea fremu, kiko ukutani juu ya kitanda. Nikamtazama Eliza, magoti bado yako chini.

“Ni kweli, tata,” nikasema, yaani baba kwa lugha ya nyumbani. “Sina kabisa.”

Kicheko kilianzia kwa wanawake jikoni, kikawafikia wazee, mwisho mzee mwenyewe akaiweka kofia chini. Akaamuru nipige nyingine saa ile ile, ila koti alishike yeye, na kwa mkono wake akampeleka Eliza katikati kabisa, mikono chini, meno ndani, kama picha ya kitambulisho. Akachungulia kitunduni. Akasema hivyo ndivyo mtu anavyopigwa picha. Nikabonyeza. Bibi akaridhika, na ndoa ikafungwa kahawa ilipokwisha kuvunwa.

Kanuni ya theluthi ni ya kweli, naitetea popote, na kwa milima, ng'ombe na foleni ya malori ya mpakani naitumia mpaka leo. Lakini binti wa watu aliyechumbiwa nimeapa kumweka katikati, nimbane kulia na kushoto, isibaki nafasi ya kupita hata kuku.