Karatasi na Tablette, Bote Balisema Muzuri

Mama Kavuo, dada mukubwa wa mama yangu, anauzisha viazi vya Lubero mu soko ya Bungulu. Alikuwa mudomo mukali. Ukimupunguzia bei kupita kiasi, anakutukana mpaka na nkambo, babu yako. Lakini tangu mutoto wake Solange alikufa mu kuzaa, anakaa tu kimya nyuma ya viazi. Solange alimwaga damu kwenye benchi ya maternité, na muganga Éliakim akasema: "Ngojea, mama, hauko peke yako." Alingojea. Mutoto wake alibaki, Solange hapana.

Halafu tukasikia batu ba enquête banakuya ku hospitali kuuliza kama bagonjwa banatunzwa muzuri. Bamoja batajibu mu karatasi, bengine mu tablette, ile kama telefone kubwa, bapate kuona ni mu gani batu banasema kweli zaidi. Mama Kavuo akakimbilia kwa Mama Hadjara, mwenzake wa soko, mwenye alikaa na Solange kwenye ile benchi.

"Utasema?"

"Yote, yaya. Na vile Éliakim alikuwa anachezea telefone yake, nitasema."

Siku yenyewe, mutoto wa Solange alikuwa amelazwa mu ile hospitali, na homa. Mama Hadjara akapangiwa tablette. Rébecca wa enquête akamuuliza: "Balikupokea namna gani?" Hadjara akaangalia kile kioo.

"Muzuri sana."

Maulizo yote: muzuri sana.

Mama Kavuo akamufuata inje. "Hadjara! Ni mu soko tu unajua kupiga kelele?"

"Yaya, wakati ya Ebola nilijibu mu kitu kama kile, nikasema niko na homa. Motokari ikakuya kunibeba mpaka mu kambi ya bagonjwa ba Ebola. Weye utapata karatasi. Sema weye."

Karatasi ilikuwa kwa Melchior, mwenzake wa Rébecca. Juu Mama Kavuo hajue kusoma, Melchior akamusomea kwa sauti, pale pale kwenye kitanda ya mutoto. Éliakim alikuwa ameinama, anatafuta mushipa mu mukono ya mutoto apate kutia sérum, maji ya dawa.

"Muganga anawaheshimu?"

Mama Kavuo aliangalia ile sindano. Éliakim akasimamisha mukono kidogo, hakugeuka.

"Ndiyo."

"Munangojeaka sana?"

"Hapana."

Melchior akacheka na Rébecca: "Basi karatasi na tablette ni kitu kimoja. Hapa batu bako na furaha."

Sindano ikaingia. "Aksanti, muganga," Mama Kavuo akasema.

Inje Hadjara alikuwa anamungojea. "Ulisema?"

"Mutoto amepata sérum yake. Amelala."

Hadjara akamushika mukono, bakarudi ndani kumulinda.