Maji ya Goti la Mama

Mama alipoanguka kwenye ngazi za nyumba yetu ya mtaa wa Woodley, nilikuwa nimefanya kazi katika maabara moja ya hospitali kule Parklands kwa miaka minne. Goti lilivimba, likatulia, kisha baada ya wiki mbili likavimba tena bila kuguswa. Ukiliwekea kiganja, joto lake lilikushtua.

"Kuna mtu ameingia hapa gotini," aliniambia asubuhi moja akimenya viazi. Hakuwa anatania. "Nikinyamaza namsikia anagonga."

Nilimpeleka hospitalini kwetu. Daktari wake, mama wa Kihindi aliyekaribia kustaafu, alivuta maji ya goti kwa sindano. Yalitoka meupe, mazito, kama maji ya kuoshea mchele. Nilidhani ni vijidudu. Niliomba niyapime mwenyewe.

Chini ya darubini, seli nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili, zilikuwa zimejaa pomoni. Nyingine zilikuwa zimepasuka. Nikatafuta zilichokuwa zikipigana nacho. Sikuona hata kijidudu kimoja. Nikayaotesha yale maji kwenye visahani vyenye chakula cha vijidudu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano: hakuna kilichoota. Nilivishika vile visahani safi nikavigeuza mwangani. Vita vyote vile, na hakuna adui aliyekuja.

Daktari alitueleza, mimi na Mama. Ute wa goti una nyuzi ndefu, nyembamba mno, hata darubini yangu haizioni. Zikiwa nzima, seli hutulia. Zikikatika, kwa mfano mtu akiumia, seli hugusa vile vipande na kuvichukulia kama dalili ya hatari. Huita seli nyingine. Hizo zikija huharibu zaidi, na vipande huongezeka.

Mama alilitazama goti lake.

"Kwa hivyo hakuna mtu."

"Hakuna, mama," daktari alisema.

"Basi anayegonga ni mimi."



Mama alidungwa dawa ya kutuliza uvimbe, akapumzika, na baada ya mwezi alienda kanisani kwa miguu yake, bila kunishika mkono. Mimi ndiye niliyechelewa kupona. Kwa miaka kadhaa, kila nilipoandika "hakuna vijidudu" kwenye fomu ya mgonjwa nisiyemjua, kalamu ilisita kabla sijatia sahihi, nikiwaza kama naye alikuwa akijigonga mwenyewe.